Harusi Isiyoonyeshwa

Mwaka 1949 mwongozaji wa Kijapani Yasujirō Ozu alitoa filamu ambayo karibu hadithi yake nzima inaelekea kwenye harusi moja, halafu harusi yenyewe akaiacha nje. Kimataifa filamu hiyo inajulikana kwa jina la Late Spring. Noriko, binti wa miaka 27, anaishi Kamakura na baba yake mgane, Profesa Somiya. Shangazi mtu amemtafutia mchumba, lakini binti hataki kumwacha baba peke yake. Ili kumwondolea sababu hiyo, baba anamwacha aamini kwamba naye anakusudia kuoa tena. Uongo unafanya kazi yake. Siku inafika, Noriko ameshavishwa, anapiga magoti mbele ya baba yake kumshukuru, kisha wanashuka ngazi kwenda zao. Shangazi anabaki nyuma kidogo, anakizunguka chumba kama mtu anayehakikisha hakuna kilichosahaulika, naye anatoka. Kamera haiwafuati. Inabaki na kioo cha kujipambia na kiti kisicho na mtu. Tunapomwona baba tena harusi imekwisha, yuko baa na rafiki wa binti yake. Bwana harusi hatumwoni hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Baba anarudi nyumbani, anaketi, anaanza kumenya tofaa. Ganda linajiviringa, linaanguka, na kichwa chake kinainama.

Mtazamaji aliyezoea sinema zinazomalizikia ukumbini anaweza kuona amedhulumiwa. Mimi naona Ozu alijua anachokifanya, na hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba filamu huisema familia kweli pale inapokaa pembezoni mwa siku kubwa: jioni ya kuamkia, asubuhi ya kufungasha, usiku wa kurudi nyumbani. Siku yenyewe ina itifaki, na kazi ya itifaki ni kumpa kila mtu mahali pa kukaa na maneno ya kusema ili yaliyo moyoni yasitoke ovyo. Baba wa bibi harusi hutabasamu kwa sababu ndiyo zamu yake ya kutabasamu. Mpiga picha anayemwelekezea kamera saa hiyo atapata tabasamu safi kabisa, lakini hatampata baba.

Watu wa mwambao hawana haja ya kushangaa sana. Katika ndoa ya Kiislamu ya kwetu, akdi mara nyingi hufungwa msikitini, mbele ya mashahidi, huku bibi harusi yuko ndani kwao. Idhini yake imeshachukuliwa, na walii ndiye anayemwozesha. Dakika inayomtoa katika uanamwali na kumfanya mke wa mtu inapita yeye akiwa chumba kingine, pengine anafukizwa udi, pengine anagombana na somo wake juu ya hina. Mwenye kamera akiwa msikitini ameukosa uso wa mwali. Akiwa chumbani ameikosa akdi. Desturi yenyewe imekwishakubali kwamba tukio halina kitovu kimoja cha kutazamwa, na kwamba mambo makubwa yanaweza kumpata mtu asipokuwepo.

Tazama pia video za harusi, ambazo bila shaka ndizo filamu za familia zinazotengenezwa kwa wingi kuliko zote. Zina kila kitu: maharusi wakiingia kwa kucheza, MC akitaniana na kamati, keki ikikatwa, zawadi zikipokelewa kwa foleni, wakwe wakilishana. Saa tatu nzima bila kukosa shangazi hata mmoja. Hata hivyo mtu wa nje akiitazama hataweza kueleza familia hii inaishije, nani ana kinyongo na nani, nani alikopa ili mchango wake ufike. Mama anayehesabu sahani za kukodi usiku wa manane hayumo. Mdogo wa bibi harusi anayegundua kwamba sasa kitanda ni chake peke yake, naye hayumo. Siwalaumu wapiga video, wamelipwa kurekodi itifaki na wameirekodi. Nasema tu kwamba aliyeonyesha vyote hakuonyesha kile ambacho filamu ya dakika mia moja na kitu, isiyo na ukumbi ndani yake, imekionyesha.

Kifo nacho Ozu alikishughulikia kwa njia hiyo hiyo katika Tokyo Story ya mwaka 1953, filamu ambayo mwaka 2012 waongozaji walioulizwa maoni na jarida la Uingereza la Sight & Sound waliiweka ya kwanza kuliko zote. Wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo. Mtoto mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, na wote wana shughuli. Wazee wanapelekwa Atami kwenye chemchemi za maji moto, si kwa ukarimu hasa, ila kwa sababu hoteli inapunguza usumbufu. Anayeomba ruhusa kazini ili awatembeze mjini ni Noriko mwingine, mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Wanaporudi kwao mama anaugua na kufa. Simu ya upepo inapofika Tokyo, kaka na dada wanajadiliana kama wabebe nguo za msibani. Wanaona heri kuzibeba. Noriko anafika bila hizo nguo. Hakuna hotuba inayotuambia nani alimpenda nani kiasi gani, ila begi limeshasema, na limesema kwa namna inayotutia aibu, maana mwenye akili zake angebeba.

Kisha wanarudi mazikoni, wanakula, na Shige, yule mwenye saluni, anataja kwamba angependa apewe mkanda na kimono fulani za mama kama kumbukumbu. Machozi yake mama alipokata roho yalikuwa ya kweli, tumeyaona. Ukubwa wa onyesho hili uko hapo, katika kutokuturuhusu kumfanya Shige mtu mbaya. Mdogo wao, Kyoko, amekasirika, na baadaye anamwambia Noriko hasira yake. Noriko anamjibu kwa upole kwamba watoto wakikua huwa na maisha yao, na yeye mwenyewe huenda siku moja akawa hivyo. Huku kwetu kugawana nguo za marehemu kuna kikao chake na wazee wake wa kukisimamia, lakini nani ambaye hajawahi kusikia jina la kitenge fulani likitajwa mapema kidogo kuliko ilivyopasa?

Ufundi wa jambo hili si fumbo. Ozu aliiweka kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na katika filamu zake za baadaye hakuisogeza ila kwa nadra. Alipenda lenzi ya milimita 50, ambayo haivuti kilicho mbali wala kupanua kilicho karibu. Baina ya maonyesho aliweka picha za vitu: nguo zilizoanikwa, birika, korido, treni inayopita. Akaziacha zikae. Matokeo yake mtazamaji anakuwa kama mgeni aliyebaki baada ya wageni wengine kuondoka, na wenye nyumba wameacha kumchunga. Tena, kwa kuwa tukio kubwa limerukwa, kila mtazamaji hulijaza mwenyewe kwa harusi anazozijua. Pengo hilo linamfanyia kazi mwongozaji kuliko ambavyo ukumbi wowote wa kukodi ungeweza.

Hapa atainuka mtu aseme: hayo ni mambo ya Wajapani, watu wa kunyamaza. Sisi tumelelewa na sinema za Kihindi, ambamo harusi bila nyimbo si harusi, na furaha ya kuitazama sherehe ikiwa imekamilika si furaha ya kupuuzwa. Pingamizi lina uzito. Hum Aapke Hain Koun..! ya mwaka 1994 ina nyimbo 14 na inazidi saa tatu, na sehemu kubwa yake ni sherehe juu ya sherehe. Lakini angalia sherehe hizo zinabeba nini. Wakati bwana harusi anaozwa, vijana wa pande mbili wanawindana kwa viatu vyake vilivyoibwa, na katika utani huo penzi la pili linazaliwa bila wazee kujua. Kinachotushika ni yale yanayotokea kando ya madhabahu. The Godfather ya mwaka 1972 nayo inafungua kwa harusi ndefu ya Connie, yenye bendi, keki na mamia ya wageni, ila ndani, katika ofisi yenye giza, baba yake anapokea waombaji, kwa sababu Msisilia hatakiwi kukataa ombi siku anapomwoza binti yake. Mwongozaji wake, Coppola, anatupitisha nje na ndani, nje na ndani, na familia tunaijua kwa ule mlango. Kwa hiyo sherehe inaweza kuonyeshwa yote. Sharti ni kwamba kuwe na jambo jingine linaloendelea chini yake.

Mtu mwingine, makini zaidi, atauliza: je, si ni rahisi kukaa pembezoni pale ambapo kati hakuna uchungu mkubwa? Familia za Ozu ni za watu wa hali ya kati, maprofesa na makarani, na yeye mwenyewe hakuoa, aliishi na mama yake. Vipi njaa? Vipi mtoto anayekufa? Jibu ninaloliona lina nguvu linatoka Bengali. Katika Pather Panchali ya Satyajit Ray, mwaka 1955, Durga anakufa usiku wa dhoruba, baba yake akiwa safarini kutafuta riziki. Ray anatuonyesha usiku huo. Ila onyesho linalovunja moyo linakuja siku nyingine, baba anaporudi bila habari, anafungua mzigo wake na kutoa alivyoleta, kimoja baada ya kingine, hadi anafikia sari aliyomnunulia Durga. Mama anaishika na kuporomoka. Kilio chake hatukisikii, mahali pake panalia ala ya muziki. Baadaye kidogo Apu, mdogo wa marehemu, anaukuta mkufu ambao dada yake alikuwa amekana kuuiba, na anautupa bwawani. Umaskini wote uliokuwemo katika nyumba ile uko kwenye ile sari iliyochelewa. Daktari na jeneza visingeongeza kitu.

Nakubali kwamba njia hii ina yale isiyoyabeba. Late Spring ilitengenezwa Japani ikiwa chini ya majeshi ya Marekani, na askari hao hawaonekani. Kuna tangazo la Coca-Cola barabarani, basi. Anayetaka kujua vita viliifanya nini nchi ile atafute kwingine. Hata hivyo mabadiliko makubwa zaidi ya familia ya Kijapani ya miaka hiyo yamo, kwa mlango wa nyuma. Sheria mpya za ndoa na familia zilizoanza baada ya katiba ya mwaka 1947 zilimwondolea mkuu wa kaya mamlaka yake ya zamani, na ndoa ikawa ya hiari ya wawili. Profesa Somiya hana tena amri. Ana ushawishi, na ushawishi ukishindwa, ana uongo. Hivyo ndivyo ninavyousoma uongo ule. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inasimama upande wa pili wa swali hilo hilo: Yasmin ameozwa kwa mume aliyemzidi sana umri, na hadithi inaanza kupata nguvu anapoanza kuishi na matokeo yake, kisha kuyakimbia.

Ushahidi mwingine ni Boyhood ya Richard Linklater, aliyemrekodi mvulana yule yule kidogo kidogo kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2013, toka utoto hadi alipoingia chuo. Alikuwa na miaka kumi na mbili ya kuchagua matukio, na akayaruka mengi ya lazima. Mama anaolewa mara ya pili, sisi tunawaona wakirudi kutoka fungate. Baba anapata mke mpya, tunamkuta ameshakuwa na mtoto mchanga. Mama huyo, aliyeigizwa na Patricia Arquette, anavunjika karibu na mwisho, mezani, wakati kijana anafungasha vitu vya chuo: anazihesabu hatua zake zote zilizokwisha kupita na kulalamika kwamba alidhani kungekuwa na zaidi. Arquette alipata Oscar, na sidhani angeipata kwa kulia kanisani.

Linabaki pingamizi la mfukoni: haya hayauzi. Mwaka 1937 Leo McCarey alitengeneza Make Way for Tomorrow, kuhusu wazee wanaotenganishwa kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kuwachukua wote wawili, filamu iliyochangia kuzaliwa kwa Tokyo Story. Studio ilitaka mwisho wa furaha, akakataa, akapoteza kazi. Lakini Ozu alifanya kazi chini ya Shochiku, kampuni ya biashara iliyoishi kwa tiketi za watu wa kawaida, kwa miaka mingi bila kufukuzwa, na Late Spring ilichaguliwa na jarida la Kinema Junpo kuwa filamu bora ya Japani ya mwaka wake. Kwa watengenezaji wa Bongo Movie na tamthilia zetu hesabu ni nyepesi zaidi. Ukumbi una kodi, magauni yana kodi, wageni mia wa kujaza viti wanataka kula, na jenereta haijazimwa bado. Asubuhi ya baada ya harusi inataka chumba kimoja na waigizaji wawili. Kigumu kupata ni mhariri atakayekubali kuiacha picha ya chumba kitupu ikae sekunde kumi bila kuitilia muziki.