Madosie ya wazee yanangoja wanafunzi

Wanafunzi wa arshive na bibliotheki hapa Lubumbashi wanatafuta staji. Wengi wanaishia kufanya fotokopi tu. Lakini sisi wa sendika ya mine tunajua kazi yao iko wapi.

Union Minière ilianza 1906, mu 1967 serikali ikachukua. Tangu hapo kampuni zimekuwa nyingi. Kampuni ikibadilisha jina, madosie yanahama, ingine yanapotea. Ku kampuni moja tulikuta fishi za kazi mu mifuko ya simenti, mchwa inakula. Mzee akiomba pansio ku CNSS, anaulizwa miaka aliyotumika. Fishi ikikosekana, ataonyesha nini?

Mwanafunzi wa staji apanguse karatasi, azipange kwa matrikule, aandike orodha, azipige picha. Ajifunze na kutunza siri: mambo ya ugonjwa wa mtu haisomwe ovyo.

Wakubwa wa kampuni, fungueni depo, mutoe pesa ya transpori. Walimu, muwafuate wanafunzi wenu mpaka huko. Sisi tuko tayari kukaa nao, kuwasomea vifupisho vya zamani. Wazee wanaovijua wanapungua kila mwaka.