Nani anaita waigizaji waingie?

Mchezo wa kuigiza ukikwama mbele ya watu, tunasema haraka muigizaji amesahau maneno. Pengine hakusahau kitu. Hakuna aliyemuita.

Nyuma ya pazia kunakuwa mtu mwenye kushika daftari ya mchezo. Anafuata maneno mstari kwa mstari, na mbele zamu ifike anaenda kumuita muigizaji: jitayarishe, utaingia mama huyu akimaliza kulia. Anaangalia pia kama vazi liko sawa, na kama ile barua ao kikombe kiko mkononi. Weye uliyekaa kwenye kiti hautamuona.

Zamani, London, kazi hii ilikuwa ya kijana mdogo aliyegonga mlango wa kila chumba cha kuvalia. Mpaka leo kule wito wa "nusu saa" unatolewa dakika 35 mbele ya mchezo, juu wale wa kuanza wanaitwa dakika 5 mbele pazia lifunguliwe. Siku hizi ni spika inayoita.

Kwetu Butembo na Beni, tunacheza ndani ya sale ya parokia, ndani ya shule, ao inje tu, waigizaji wakivalia nyuma ya shitingi. Hapo muitaji anatumia miguu yake. Grupe ikinguruma, sauti haisikike, basi anaita kwa mkono.

Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na iliyoua watu zaidi ya 2,200 mbele ya kuisha Juni 2020, michezo ilitumika kufundisha watu kwenye mitaa. Waza mchezo wa namna hiyo. Mtu mmoja anasema ugonjwa ni uongo, ni biashara ya wakubwa. Watu wanacheka, wanakubali. Muuguzi anapaswa kuingia palepale na kumjibu. Akichelewa dakika mbili, wengine wamekwisha kurudi sokoni na lile neno la uongo, wakifikiri ndiyo fundisho lenyewe.

Ndiyo maana naona ni kosa kupatia kazi hii yeyote aliyekosa nafasi ya kucheza, tena siku yenyewe ya mchezo. Muitaji aanze mazoezi pamoja na wengine, aandike kwa kalamu kila neno la kuingilia. Na ashike saa: hapa kwetu, watu wanataka kufika nyumbani mbele ya giza.