Siti Nane au Gari la Juu?

Tofauti kubwa kati ya minivani na gari la juu iko sakafuni. Katika minivani ya kawaida, kama Toyota Noah ya kuanzia mwaka 2001, injini imekaa kiupande mbele kabisa na huendesha matairi ya mbele, kwa hiyo hakuna shafti ndefu inayopita chini kwenda nyuma. Sakafu hubaki tambarare na karibu na ardhi, na nafasi yote iliyo juu yake ni ya watu. Gari la juu, yaani lile linaloandikwa kwa herufi SUV, limenyanyuliwa sakafu ili tairi kubwa zipate pa kukaa na mashimo yasiguse tumbo lake. Kila sentimita inayopewa barabara imekatwa kwa abiria.

Umbo la sanduku la Noah, na la ndugu yake Voxy, limetokana na sheria za Japani. Huko gari likizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 au injini ya cc 2000, linahamia daraja jingine la usajili. Wahandisi waliotaka siti nane ndani ya vipimo hivyo walibaki na njia moja, nayo ni kupandisha paa na kusimamisha kuta wima. Ndiyo maana Noah hupita kwenye uchochoro wa Sinza au Eastleigh bila taabu ingawa imebeba watu wanane. Toyota Alphard, iliyoanza mwaka 2002, imevuka mipaka hiyo: ni pana zaidi na injini zake huanzia cc 2400, starehe ambayo mwenye nayo huilipia kila anapoingia kituo cha mafuta.

Magari ya juu nayo si ya ukoo mmoja. Land Cruiser Prado imejengwa juu ya chasisi, fremu nzito ya chuma ambayo bodi hufungwa juu yake, na ina gia za ziada za nguvu kwa ajili ya tope na milima. RAV4 iliyotoka mwaka 1994, Honda CR-V ya 1995 na Harrier ya 1997 ni kitu kingine. Bodi yake ni kipande kimoja kama ya saluni, na sehemu nyingi za chini zimetoka kwenye saluni halisi. Harrier ilijengwa kwa msingi wa Camry, kwa hiyo anayeinunua amenunua Camry iliyovaa viatu virefu. Si gari baya, ila wengi hulilipia wakidhani wamepata nusu Prado.

Hesabu ya kwanza kwa familia ni ya vichwa: wanaopanda kila wiki, si wanaopanda siku ya harusi. Baba, mama na watoto wawili au watatu hutoshea kwenye RAV4 au X-Trail, na buti likabaki na nafasi. Akiongezeka bibi, msaidizi wa nyumbani na mtoto wa shangazi anayesoma mjini, hesabu inafika saba au nane, na hapo ndipo magari ya juu yenye siti saba huanza kutajwa: Toyota Vanguard, Mitsubishi Outlander, baadhi ya X-Trail. Safu ya tatu ya magari hayo ni ya watoto wadogo. Mtu mzima hukaa magoti yakikaribia kidevu, dirisha ni dogo, na mara nyingi hakuna tundu la hewa ya AC, jambo ambalo abiria wa Dar es Salaam au Mombasa atalikumbuka mwezi Februari. Siti hizo zikishafunguliwa, buti linabaki na nafasi ya mfuko mmoja wa sokoni.

Noah hupangwa mbili, tatu, tatu, na safu ya mwisho ina miguu, hewa na dirisha. Siti zake za nyuma katika matoleo mengi hukunjwa moja moja na kuning'inizwa ubavuni, kwa hiyo familia ya watu saba inaweza kukunja upande mmoja na kupanga mizigo wima hadi darini. Wakipanda wanane kamili, mizigo haina pa kwenda isipokuwa juu ya paa au miguuni mwa watu. Kwa wanaotaka siti saba kwa gharama ndogo zipo pia Toyota Wish na Sienta, zote za mwaka 2003. Ni za chini zaidi, na safu yao ya tatu ni finyu karibu sawa na ya gari la juu.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya siti nane hayalisemi. Japani, uzito wa juu wa gari unapoandikwa kwenye hati, kila abiria hukadiriwa kuwa na kilo 55. Watu wanane ni kilo 440. Watu wazima wanane wa kilo 75 ni kilo 600 kabla hata ya begi la kwanza kupakiwa, na safari ya kurudi kutoka Kilimanjaro mwezi Januari ina mkungu wa ndizi na gunia la mahindi. Gari lililojazwa hivyo limepita uzito wake hata kama kila abiria ana siti na mkanda. Breki huchelewa, tairi za nyuma hupata joto, na nyuma ya gari hushuka. Hesabu hiyo haiisamehe Harrier: siti tano kwa kipimo hichohicho ni kilo 275 tu.

Kushuka huko kwa gari lililojaa ndiko kunakoleta swali la barabara, ambalo kwa wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki huamua kila kitu. Noah ya miaka ya 2007 hadi 2013 ina nafasi ya karibu milimita 160 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa. RAV4, X-Trail na Forester huwa kati ya milimita 190 na 220 hivi, na Prado iko katika kiwango hicho cha juu. Vipimo hivyo huchukuliwa gari likiwa tupu. Noah yenye watu saba na mizigo inaweza kugusa tuta ambalo asubuhi, ikiwa na dereva peke yake, ililivuka kimya. Kwa sababu ya urefu wake kati ya tairi za mbele na za nyuma, mara nyingi huguswa katikati, si kwenye bampa.

Safari inayofanya watu wanunue gari la juu ni ile ya Desemba: Dar es Salaam kwenda Marangu, Rombo au Machame, au Nairobi kwenda Kakamega. Sehemu kubwa kabisa ya safari hiyo ni lami. Kinachotisha ni kilomita mbili tatu za mwisho, za udongo mwekundu, mteremko na mfereji uliochimbwa na mvua. Kununua gari la cc 2400 litakalokwenda kazini kila siku kwa ajili ya kilomita hizo tatu, mara moja kwa mwaka, ni ghali kuliko inavyoonekana. Gari laweza kuachwa kwa jirani wa barabarani. Lakini kama kilomita tatu za namna hiyo ziko kati ya nyumba na shule kila siku, kama ilivyo Goba, Kivule au pembezoni mwa Kitengela wakati wa masika, basi gari la juu si anasa, na mwenye Noah atakuwa mgeni wa kudumu wa fundi wa shokapu na bushi.

Wapo wanaotafuta njia ya katikati kwa kuinyanyua Noah: fundi huweka spesa juu ya springi na tairi kubwa kidogo. Gari linapanda kweli. Pamoja nalo hupanda kitovu cha uzito, na shafti fupi za mbele hulazimika kufanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, hadi mipira yake inachanika na grisi kumwagika. Nyongeza ndogo huvumilika; kubwa huharibu gari.

Kimo pia kisichanganywe na uwezo wa kusukuma tairi zote nne. Baadhi ya Harrier, RAV4 na X-Trail zinazofika bandarini huendeshwa na tairi za mbele tu, na kwenye tope la utelezi hukwama sawasawa na Noah. Zipo kwa upande wa pili Noah za kuendesha tairi zote, zilizotengenezwa kwa ajili ya theluji. Noah za kwanza kabisa, za 1996 hadi 2001, zilikuwa na injini chini ya siti za mbele na kusukuma tairi za nyuma. Joto lake lilimchoma dereva mapaja, lakini zikiwa zimejaa zilipanda mlima vizuri, na bado zinapendwa kwenye njia za vijijini.

Kuhusu usalama, hisia ya kukaa juu hudanganya. Dereva wa gari la juu huona mbali, na hilo lina faida yake. Ila gari refu hupinduka kwa urahisi zaidi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hupima jambo hili kwa kugawanya nusu ya upana kati ya tairi za kushoto na kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito. Saluni nyingi hupata kati ya 1.30 na 1.50, magari ya juu, pikapu na vani huwa kati ya 1.00 na 1.30. Minivani, basi, haijaepuka tatizo: sakafu yake ni ya chini lakini paa liko juu, gari lenyewe ni jembamba, na kuta zake pana hukamata upepo wa pembeni. Mizigo ya paa huzidisha hatari kwa aina zote mbili. Kinachosaidia zaidi ni mfumo wa kielektroniki unaobana breki za tairi moja moja gari linapoanza kuserereka. Toyota huuita VSC. Magari mengi ya zamani hayana, na ni heri kuutafuta huo kuliko kutafuta rimu za kung'aa.

Nyuma ya safu ya tatu ya Noah pana nafasi fupi kabla ya kioo. Lori likigonga kwa nyuma, nafasi hiyo ndiyo yote iliyopo ya kumeza mshindo. Mtoto mdogo akae safu ya pili, ambako katika magari mengi ya karibuni kuna ndoano za ISOFIX za kufungia kiti chake. Siti ya katikati katika matoleo mengi ya zamani ina mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo haifai kiti cha mtoto kinachotaka mkanda wa begani. Faida ambayo mzazi wa watoto wadogo huiona haraka ni mlango wa ubavuni unaoteleza. Haufunguki kwa kupiga gari la jirani, na mlezi anaweza kuingia akiwa amembeba mtoto. Vumbi la changarawe ni adui wa reli zake. Zisiposafishwa, mlango huanza kusuasua, na ule wa umeme huweza kukata waya wake wa kuvutia.

Kwa mafuta, Noah ya cc 2000 na gari la juu la injini hiyohiyo hazitofautiani sana mjini. Pengo hufunguka kwa Harrier ya cc 2400 au 3000 na Prado ya cc 2700. Ushuru nao hufuata injini. Tanzania, mpaka wenye maumivu ni cc 2000, na Noah, yenye cc 1986 au 1998 kutegemea toleo, hupita chini yake kwa nywele chache. Harrier mpya ya kuanzia 2013 yenye cc 2000 nayo imeingia humo. Kenya, mpaka wa kwanza ni cc 1500, ndiyo sababu Sienta ya cc 1496 ni nafuu kwa siti saba. Huko pia gari lililotumika lisizidi umri wa miaka minane linapoingizwa, wakati Tanzania hukubali la zamani zaidi lakini huliongezea ushuru kwa umri. Viwango hubadilika na bajeti, hivyo kikokotoo cha mamlaka ya mapato (TRA kwa Tanzania) kifunguliwe kabla ya kumlipa muuzaji.

Vipuri vya Noah hupatikana Kariakoo na Kirinyaga Road bila kusubiri, kwa kuwa wabeba abiria wengi huitumia. Noah za 2001 hadi 2007 zina injini ya D4, ambayo hunyunyiza petroli ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa na haivumilii mafuta machafu. Toleo lililofuata lina gia za CVT zinazotaka oili yake maalumu. Oili ya kubahatisha huziua mapema. Prado hudumu kuliko zote kwenye barabara mbaya, na kila kipuri chake hukumbusha hivyo kwa bei.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, picha za chini ya gari ni muhimu kuliko za dashibodi. Magari yenye kuendesha tairi zote nne, ya juu na minivani pia, hupendwa mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula mabomba ya breki, mikono ya chini na vishikizo vya springi, na kutu yake huweza kufunikwa kwa rangi nyeusi kabla ya mnada. Karatasi ya mnada huitaja kutu hiyo, na muuzaji mwaminifu huituma akiombwa.