Vinka: jina lililobaki kwenye dawa

Wengi wetu tumekwisha kuuona mmea huu uani bila kujali jina lake. Ni kichaka kifupi, aghalabu hakifiki mita moja, chenye majani mabichi mwaka mzima na maua ya waridi au meupe, petali tano. Kifaransa huuita pervenche de Madagascar. Wamalagasi husema vonenina. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ingawa sasa umeenea katika nchi zote za joto.

Mwaka 1759 Linnaeus aliuita Vinca rosea, akiuhesabu kuwa ndugu wa pervenche za Ulaya. Vinca hutokana na kitenzi cha Kilatini vincire, yaani kufunga, maana mimea ile ya Ulaya hutambaa kama kamba. Huu wa Madagaska hautambai, husimama. Mwaka 1837 George Don aliuhamishia jenasi ya Catharanthus, maneno mawili ya Kigiriki: katharos, safi, na anthos, ua.

Jina la kwanza lingekufa hapo. Lakini huko Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari, na majani hayo yakafika Kanada, katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert Noble na Charles Beer waliwapa panya dawa iliyotokana nayo. Sukari haikushuka, zilizopungua ni chembe nyeupe za damu! Mwaka 1958 walitangaza vinblastini, na baadaye ikapatikana vinkristini, inayotibu saratani ya damu ya watoto. Dawa zote mbili zimebeba vin- ya Linnaeus, na madaktari hadi leo husema "alkaloidi za vinka", zaidi ya karne moja baada ya mmea kutolewa katika Vinca.

Jina moja kwa jani na kwa dawa lina hatari yake. Dawa husafishwa, hupimwa kwa miligramu na kuingizwa mshipani. Jani lina alkaloidi nyingi zilizochanganyika, nalo ni sumu. Chai yake haitibu saratani.

Husemwa pia kwamba Madagaska iliibiwa. Kweli, faida kubwa ilikwenda kwa kampuni ya Marekani, Eli Lilly. Ila majani yale ya kwanza yalitoka Jamaika, pamoja na ujuzi wa chai, na Wajamaika hutajwa mara chache katika madai hayo.