Kipimo cha unyevu pale depo: nani anakipima chenyewe?

Leo tunataka kuzungumza juu ya kimashini kidogo chenye kutosha mkononi. Kila wakati wa mvua kinakula kilo za watu, na hakijashuka shimoni hata siku moja.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwezi wa kwanza tulisindikiza kikundi cha wachimbaji kuuzisha saki 20 za kobalti kwenye depo moja ya pembeni ya barabara, si mbali na Kolwezi. Kila saki ilikuwa na kilo 50, maana yake tani moja nzima. Juu ya balansi hapakuwa na magomvi. Kiisha mpimaji akaleta kimashini cha unyevu, akachoma sindano zake mbili ndani ya saki ya kwanza, akasoma: 14. Saki zingine 19 hakuzigusa. Akaandika kwenye karatasi: humidité 14 kwa mia. Pale pale kilo 140 zikatoka kwenye hesabu.

Watu walinyamaza. Namba ikitokea kwenye kioo cha mashini, wengi wetu tunaiheshimu sawa vile hukumu ya tribinali. Lakini Muzee mmoja wa komite yetu akauliza swali moja tu: "Mutoto wangu, hii mashini inatupima sisi. Yenyewe, nani aliipima?" Mpimaji akacheka. Muzee hakucheka. Wenye saki wakakataa kuuzisha siku ile. Wakafunga mali yao vizuri ndani ya plastiki, chini ya bashi, na mmoja akalala pale kuilinda.

Sanduku ya sigare

Njiani Muzee akatuelezea ujuzi huo aliutoa wapi. Mbele ya kuingia kazi ya mgodi, alikuwa boyi kwa injinia mmoja wa kizungu pale Lubumbashi. Injinia yule alikuwa na sanduku ya mbao ya kuwekea sigare, zile sigara nene za majani ya tumbako yaliyokunjwa. Ndani ya sanduku mlikuwa kipimo kidogo cha mviringo chenye mshale, cha kuonyesha unyevu wa hewa. Sigare ikikauka sana inapasuka na inaungua mbio. Ikilowana sana inaota ukungu na haivutiki. Mwenyewe alitaka mshale usimame karibu na 70.

Lakini mara kwa mara injinia aliondoa kipimo kwenye sanduku na kumuomba Muzee chumvi ya jikoni. Alijaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, akatia matone machache ya maji mpaka chumvi ikawa sawa mchanga wenye kulowana, bila kuyeyuka yote. Kifuniko na kipimo akaviweka pamoja ndani ya plastiki, akaifunga kabisa hewa isipite, akaiacha mpaka kesho yake. Asubuhi alisoma mshale bila kufungua plastiki.

Juu ya nini chumvi? Kwa sababu chumvi iliyolowana namna ile, kwenye hewa iliyofungwa, inashikilia unyevu wa hewa kwenye 75 kwa mia. Hewa ikizidi maji, chumvi inayanywa. Hewa ikipungukiwa, chumvi inayatoa. Kwa joto la kawaida la nyumba zetu, namba ile haisogei karibu hata kidogo. Basi kipimo kikisoma 75, kiko sawa. Kikisoma 70, kinapunguza 5, na kila mara utamuongezea 5. Kikisoma 81, kinazidisha 6. Na kama leo kinasoma hivi, kesho hivi, ni cha kutupa.

Muzee akamaliza: "Mzungu yule hakuaminia kipimo alichonunua na makuta yake mwenyewe, tena juu ya moshi tu. Sisi tunaaminia kipimo cha mwenye kutununua, juu ya chakula cha watoto."

Hewa ni hewa, jiwe ni jiwe

Mtu asisome hapa na kwenda kufunga kimashini cha depo ndani ya plastiki na chumvi. Hapana. Kipimo cha sigare kinapima maji yaliyo kwenye hewa. Kile cha depo kinatafuta maji yaliyo ndani ya mawe. Ni vitu viwili.

Kimashini cha sindano kinapitisha umeme mdogo kutoka sindano moja mpaka ingine. Maji yanasaidia umeme kupita, basi umeme ukipita vizuri, mashini inasema: hapa kuna maji mingi. Tuelewe vizuri: mashini haioni maji, inaona umeme. Madini yenyewe, chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji ya kuoshea, na namna mali imebanwa ndani ya saki, vyote vinaweza kugeuza namba. Na mashini iliyotengenezwa kwa kupima mbao inaweza kusema uongo kwenye kobalti, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kuiba. Kwa hiyo hatukumuita mpimaji yule mwizi. Tulisema tu: kimashini hiki nacho kinahitaji chumvi yake. Na chumvi ya mawe ni moto na balansi.

Moto na balansi

Kazi hii si ya siri. Kwenye laboratware za kampuni kubwa wanapima mawe yenye maji, wanayakausha kwenye tanuru ya digri 105, wanayapima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Sisi tunaweza kufanya vile na mbabula, tukiangalia mambo haya.

Kwanza, kuchukua mali. Usichukue juu ya saki moja. Chukua kwenye saki nyingi, juu, katikati na chini. Mwaga kwenye bashi safi, changanya, tandaza mviringo sawa bukari kwenye sahani, kata mara 4. Ondoa vipande viwili vyenye kuangaliana, changanya vile vilivyobaki, kata tena, mpaka ibaki karibu kilo moja. Fanya mbio, na uifunge ndani ya plastiki. Ukiiacha kwenye jua mbele ya kuipima, maji yanapotea na wewe ndiye mwenye kudanganya.

Pili, balansi. Tafuta balansi ndogo yenye kuonyesha gramu. Na yenyewe uipime: litre moja ya maji safi iko na uzito wa kilo moja, ukitoa uzito wa chupa. Kiisha pima gramu 500 za mali yenye maji, bila kuhesabu sahani.

Tatu, moto mdogo. Weka mchanga ndani ya kikaango, sahani ya chuma juu ya mchanga, na makala kidogo. Koroga pole pole. Usiunguze! Malachite ya kijani ikiungua sana inageuka nyeusi: pale haitoi tena unyevu tu, jiwe lenyewe linavunjika na kupoteza uzito. Kobalti vilevile, moto ukizidi inatoa maji yaliyo mwilini mwa jiwe, ambayo si unyevu. Ukifanya vile umejipunguzia kilo na mikono yako.

Ine, pima, rudisha kwenye moto kwa nusu saa, pima tena. Balansi ikisema namba moja mara mbili, mali imekauka.

Tano, hesabu. Ulianza na gramu 500, umebaki na 460. Zilizotoka ni 40. Gawanya 40 kwa 500, zidisha kwa 100: unyevu ni 8 kwa mia. Na hapa mufungue macho. Mtu akigawanya kwa uzito wa mali kavu, ile 460, anapata 8.7. Namna ile iko kwa kazi zingine, lakini ukikata kilo kwenye saki zenye maji, unagawanya kwa uzito wenye maji.

Neno moja kwa bamama: kazi hii ni ya inje, penye upepo, kitambaa puani. Vumbi ya kobalti ni mbaya kwa mapafu. Kikaango kile kisirudi jikoni hata kikioshwa, na watoto wakae mbali.

Kilo 58

Kesho yake asubuhi tulirudi na mbabula, pamoja na balansi ya gramu tuliyoazima. Mkubwa wa depo alikataa kwanza. Kiisha akaona watu wamejaa wanaangalia, akakubali. Tulitengeneza mafungu mawili, moja tulikausha sisi, lingine mtu wake. Mpimaji akachoma sindano zake tena: 14. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Fungu letu lilitoka na gramu 460. Lao lilitoka na 458, maana yake 8.4 kwa mia. Tukapatana katikati, 8.2. Pahali pa kukata kilo 140 walikata 82. Kilo 58 zikarudi kwa wenyewe, karibu saki moja na kidogo.

Hatutaki kuwadanganya kwamba vita imekwisha. Wiki iliyofuata kikundi kingine kilipita pale bila sisi. Kimashini kilitolewa tena, namba ikaandikwa, watu wakanyamaza.

Tena tuseme ukweli wa upande wetu. Kuna bandugu zetu wenye kumwangia saki maji usiku kusudi balansi ipande. Tunawajua. Kwa kosa lao mnunuzi anaogopa kila mtu, anakata mingi kwa wote, na yule aliyekausha mali yake kwa jua siku mbili analipa juu ya yule aliyemwaga ndoo. Kipimo cha haki kitawaumbua nao, na ni vizuri.

Tunaomba nini?

Kampuni zikiuzishana mali, hazitumii kusadiki. Wanachukua mafungu matatu kwenye mali moja: la muuzaji, la mnunuzi, na la tatu linafungwa kwa muhuri, linangoja mtu wa katikati kama hawasikilizane. Hakuna mwenye kuwaita wagomvi. Sisi tunaomba vile vile, kwa kiasi chetu.

Kila depo iwe na balansi ya gramu na pahali pa kukaushia, mbele ya macho ya wote. Kimashini cha sindano kibaki kwa kupima mbio, lakini kilinganishwe na moto mara kwa mara kwenye mali yetu, si kwenye mbao, na namba ziandikwe ukutani. Na muuzaji awe na haki ya kuomba fungu la tatu, shahidi akiwa mtu wa kooperative au wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kusaidia wachimbaji wadogo.

Mbele depo hazijakubali, tuanze sisi. Kikundi cha watu 10 wakichanga, balansi ya gramu moja inapatikana, na inaweza kutumikia vikundi vitano. Kausha nyumbani mbele ya kwenda. Andika namba yako kwenye karatasi, iweke mfukoni. Ukifika depo na wakisoma namba ya mbali na yako, usipige kelele, usitukane mtu. Uliza tu swali la Muzee wetu: hii mashini, nani aliipima?