Sheria za Mahali katika Mashindano ya Gofu

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo moja katika mchezo wa gofu. Najua wako watakaosema, "Mwalimu, gofu ni mchezo wa watu wenye nafasi, sisi watu wa jembe na wanafunzi yatuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie kidogo. Maana jambo lenyewe ni hili: sheria moja yawezaje kutumika mahali pengi pasipofanana, wala mtu asidhulumiwe? Hilo latuhusu sote, hata wachezao bao chini ya mwembe.

Nilipokuwa kijana shule yetu ilikwenda kucheza mpira na shule nyingine. Pembeni mwa kiwanja chao palikuwa na mkorosho, na tawi lake moja lilikuwa limeingia ndani ya mstari. Mpira ukaligonga tawi lile, ukaanguka miguuni pa mchezaji wao, naye akafunga goli. Sisi tukasema mchezo ulipasa kusimama. Wao wakajibu, "Hapa kwetu tawi ni sehemu ya kiwanja, ndiyo desturi yetu tangu zamani." Yamkini walisema kweli, lakini hapana aliyetuambia kabla ya filimbi kulia. Mchezo ukavunjika, tukarudi kwetu bila hata kuagana. Tangu siku ile nimejua kwamba desturi isiyotangazwa ni kama mtego njiani: aliyeutega hupita salama, na mgeni hunaswa.

Sasa tuje kwenye gofu. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu na fimbo za namna mbalimbali. Huupiga mpira kutoka mahali palipowekwa pa kuanzia mpaka uingie katika kishimo chenye upana wa inchi 4 na robo, kisha huendelea na kishimo cha pili, na cha tatu, mpaka vishimo 18 viishe. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, mwenye mapigo machache kuliko wote ndiye mshindi. Sheria kuu ni nyepesi kusema, ngumu kutenda: ucheze mpira kama ulivyolala, na ucheze kiwanja kama ulivyokikuta.

Lakini fikirini kidogo. Kiwanja cha mpira wa miguu chaweza kupimwa kwa kamba, kikafanana na vingine vyote. Kiwanja cha gofu hakiwezi. Kimoja kiko pwani penye mchanga na upepo. Kingine kiko mlimani. Kingine kando ya ziwa. Katika nchi zenye uhaba wa maji kuna viwanja ambavyo mahali pa kishimo hapana majani hata kidogo, ila mchanga uliochanganywa na mafuta, na mchezaji huruhusiwa kuusawazisha kabla ya kusukuma mpira wake. Basi mtu aliyeketi Ulaya atawezaje kuandika kitabu kitakachotaja kila mti, kila mfereji na kila mnyama wa dunia? Hawezi. Kwa hiyo, pamoja na sheria kuu, kila kiwanja hupewa ruhusa ya kuwa na sheria zake chache, ziitwazo sheria za mahali.

Jambo hili si geni. Sheria za gofu za kale kuliko zote tuzijuazo ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, karibu na mji wa Edinburgh katika Scotland. Mji ulikuwa umetoa fimbo ya fedha ishindaniwe, na wachezaji wakaona haifai kushindana bila maandishi. Wakaandika sheria 13 tu. Na tazameni ile ya kumi na tatu: ilitaja mitaro iliyochimbwa kuhifadhi kiwanja kile, na mashimo ya wanafunzi, na mistari ya askari, ikasema kwamba mpira ukiingia humo utolewe na kuchezwa kwa fimbo ya chuma. Mashimo ya wanafunzi wa Leith hayakuwako mahali pengine po pote. Basi tangu siku ya kwanza sheria ya mahali ilikuwa ndani ya sheria.

Siku hizi sheria kuu hutungwa na vyama viwili kwa pamoja, yaani The R&A cha St Andrews katika Scotland, na USGA cha Marekani. Mwaka 2019 walizipanga upya zikawa 24, wakazitengeneza tena mwaka 2023. Kadhalika hutoa mifano ya sheria za mahali, ili halmashauri ya mashindano ichague ile ifaayo. Nitawaeleza baadhi yake.

Kwanza, mipaka na alama. Mgeni afikapo kiwanjani ataona vigingi vya rangi. Vyeupe kwa kawaida huonyesha mwisho wa kiwanja. Mpira ukivuka hapo, mchezaji hana budi kurudi alikotoka na kupiga tena, na pigo 1 la adhabu huongezwa. Vyekundu na vya manjano huonyesha penye maji au taabu nyingine. Hapo aweza kucheza mpira kama ulivyolala, au kuutoa kwa adhabu ya pigo 1. Kuna pia ardhi inayotengenezwa, ambayo hutiwa alama ya rangi itakayotangazwa; humo mpira hutolewa bure. Lakini kigingi hakisemi kila kitu. Je, barabara ipitayo katikati ni sehemu ya kiwanja? Miche iliyopandwa juzi yaweza kupigwa kwa fimbo? Majibu yake yamo katika karatasi ya sheria za mahali.

Pili, hali ya hewa. Wakati wa masika ardhi hulowa, na mpira huokota tope kama mguu wa mkulima. Hapo halmashauri yaweza kutangaza kwamba mpira uliolala penye majani yaliyokatwa mafupi utiwe alama, uinuliwe, usafishwe, kisha uwekwe karibu na pale pale, lakini usikaribie kishimo. Umbali wake lazima utajwe: huenda ni inchi 6, huenda ni urefu wa fimbo moja. Ruhusa hii ina hatari yake. Mtu aizoeaye nyumbani aweza kwenda kiwanja kingine, akauinua mpira wake bila kufikiri, na kumbe huko haikutangazwa. Ataadhibiwa, na kusema "Kwetu twafanya hivi" hakutamfaa kitu.

Hali ya hewa yaweza kuleta jambo kubwa kuliko tope, nalo ni radi. Mchezaji wa gofu husimama mahali peupe akiwa na fimbo ya chuma mkononi. Kwa sababu hiyo hutangazwa milio ya king'ora: mlio mmoja mrefu, maana yake simameni mara moja, milio mitatu, simameni kwa jambo lisilo la hatari, milio miwili mifupi, endeleeni. Usikiapo ule mrefu huna ruhusa ya kupiga hata pigo moja zaidi, ijapokuwa mpira uko karibu kabisa na kishimo. Tena mtu akiona kwa haki kwamba radi inamkaribia, aweza kuacha kucheza mwenyewe bila kungoja king'ora. Kikombe hushindaniwa tena mwakani, uhai haurudi.

Tatu, wanyama. Hapa Afrika ya Mashariki imejipatia sifa katika vitabu vya gofu. Inasimuliwa kwamba zamani kadi ya kilabu kimoja cha Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, ilisema kwamba mpira ukisimama karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aweza kuangusha mpira mwingine mahali pa salama, asikaribie kishimo, wala asiadhibiwe. Na huko Jinja, Uganda, pale Mto Nile utokapo ziwani, mpira ulioingia katika wayo wa kiboko waweza kuinuliwa. Wageni huyasoma hayo na kucheka. Lakini ninyi mkaao karibu na maji mwajua kwamba kiboko hutoka usiku kula majani, na wayo wake katika ardhi laini ni shimo kubwa; wala hapana mtu mwenye akili atakayesimama karibu naye akihesabu mapigo. Siku hizi hata sheria kuu, katika kifungu cha 16.2, humruhusu mchezaji kujiepusha bure na mnyama wa hatari, kama nyoka mwenye sumu au nyuki.

Nne, vita. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikitupa mabomu juu ya London, kilabu cha Richmond, karibu na mji huo, kiliandika sheria za muda. Wachezaji waliombwa kuokota vipande vya mabomu visiharibu mashine za kukatia majani. Wakati wa mashindano, mabomu yakianguka, waliruhusiwa kwenda kujificha bila adhabu. Mabomu yaliyojulikana kuwa hayajapasuka yaliwekewa bendera nyekundu. Mpira uliosogezwa na adui uliweza kurudishwa mahali pake. Lakini mtu aliyeharibikiwa pigo kwa sababu bomu lilipasuka wakati ule ule aliruhusiwa kupiga tena kwa adhabu ya pigo 1. Watu wengi wamecheka kwa sheria hii ya mwisho. Mimi naona kwamba hata chini ya mabomu watu wale walitaka kila mchezaji ajue haki yake kabla ya kuanza.

Pamoja na sheria za mahali huandikwa masharti ya mashindano: nani aweza kuingia, ataanza saa ngapi, na walio sawa wataamuliwaje. Tuseme wawili wamemaliza kwa mapigo 76 kila mmoja. Wengine husema warudi uwanjani wacheze tena. Wengine hutazama vishimo 9 vya mwisho: ikiwa mmoja alipata 37 na mwenziwe 39, wa 37 ameshinda. Wakiwa sawa hata hapo, hutazamwa vishimo 6 vya mwisho, halafu 3, halafu cha 18. Njia zote mbili ni za haki. Lisilo la haki ni kuchagua njia baada ya kuona nani atafaidika nayo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Halmashauri ina nguvu, lakini nguvu hiyo ina mpaka. Haiwezi kuifuta sheria kuu kwa kuwa tu haiipendi. Yapasa pawe na sababu itokayo katika kiwanja chenyewe. Haiwezi kumsamehe mtu adhabu kwa kuwa ni mkubwa au rafiki. Wala wachezaji wenyewe hawawezi kupatana kuiacha sheria wanayoijua. Wakifanya hivyo, wote huondolewa katika mashindano. Na mchezaji naye ana wajibu wake: asome.

Sikilizeni habari ya Bwana Dustin Johnson wa Marekani. Tarehe 15 Agosti 2010 alikuwa akishindania taji kubwa la PGA katika kiwanja cha Whistling Straits, jimbo la Wisconsin. Kiwanja kile kina mamia ya mashimo ya mchanga, mengine mbali kabisa, mahali wasimamapo watazamaji. Kwa hiyo sheria ya kwanza katika karatasi ya sheria za mahali ilisema kwamba kila mahali palipotengenezwa kuwa shimo la mchanga ni shimo la mchanga, hata kama pamejaa nyayo za watu. Tena karatasi ile ilibandikwa katika chumba cha wachezaji. Johnson alifika kishimo cha mwisho akiwa mbele kwa pigo 1. Mpira wake ukaenda kulia, ukasimama penye mchanga uliokanyagwa na watu. Yeye alidhani ni ardhi tu iliyochakazwa, akagusa chini kwa fimbo kabla ya kupiga. Katika shimo la mchanga hilo limekatazwa. Alipomaliza alidhani yumo pamoja na wenzake wawili watakaocheza tena kuamua mshindi. Waamuzi wakamwongezea mapigo 2, naye akatoka. Taji likachukuliwa na Martin Kaymer wa Ujerumani.

Watu wengine walimhurumia, na mimi pia namhurumia. Lakini ulizeni: je, angalisamehewa, wale wengine walioisoma karatasi na kujihadhari wangalitendewa haki? Sheria ilikuwa imeandikwa, imebandikwa, na ni moja kwa wote. Halmashauri ilikuwa imetimiza sehemu yake.

Basi, wasikilizaji, rudini nami chini ya ule mkorosho. Wenyeji wetu hawakukosa kwa kuwa na sheria ya tawi, maana mti ulikuwako, na lazima pawe na sheria juu yake. Walikosa kwa kutoitangaza. Na sisi wageni tulikosa kwa kutouliza, ingawa tawi tuliliona kwa macho yetu. Ninyi wanafunzi mtakaoandaa michezo kati ya shule na shule, na ninyi wazee mtakaoweka mashindano ya bao au ya ngalawa, fanyeni hivi: zungukeni kiwanja kwanza pamoja na wageni, tajeni mti, shimo, mkondo na upepo, andikeni maneno machache yaliyo wazi, yasomeni mbele ya wote, na mchezo ukiisha kuanza, msibadili hata neno moja mpaka uishe. Hapo atakayeshindwa atakwenda nyumbani na huzuni, lakini hatakwenda na kinyongo.

Wakati wangu umekwisha. Kwaherini.