Aliyepigwa Radi Mguse, Tena Upesi

Kila mvua zinapokaribia, swali ni lile lile: "Daktari, mtu akipigwa radi tusubiri muda gani ndipo tumguse?" Wengine wameshavuka hapo, wanataka kujua shimo la kumfukia liwe na kina gani, au maziwa ya kummwagia yawe kiasi gani. Nimelijibu mikutanoni, nimelijibu wodini mbele ya ndugu wa marehemu, na bado linarudi. Basi nalijibu kwa maandishi, mwenye kutaka alibandike ukutani: msisubiri hata sekunde moja. Mwili wa aliyepigwa radi hauna umeme.

Radi ni kitu cha kupita. Mkondo wake huweza kufikia ampea 30,000 na zaidi, lakini hupita kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuishia ardhini. Mwili wa binadamu si betri. Hauna pa kuuhifadhi umeme huo. Wewe unapofika alipoanguka mwenzako, hakuna kilichobaki cha kukudhuru.

Najua hofu hii ilikotoka. Mtu aliyenaswa na waya wa umeme, wa nyumbani au wa nguzo, kweli haguswi mpaka umeme ukatwe, kwa sababu mkondo bado unampitia na utakupitia na wewe. Onyo hilo ni sahihi kabisa, ila watu wamelibeba wakalipeleka kusikohusika. Kwenye radi hakuna cha kuzima. Tazama jambo moja tu: kama radi imeangusha waya wa umeme karibu na majeruhi, jihadhari na huo waya.

Sasa tuje kwenye shimo. Wanaomfukia mgonjwa mchangani au topeni hadi shingoni husema udongo utauvuta umeme. Uvute upi? Alikuwa amesimama juu ya udongo huo huo radi ilipompata! Tena wengi hawapigwi kichwani moja kwa moja. Radi hupiga mti au ardhi ya jirani, mkondo ukasambaa chini na kuwapandia miguuni. Ndiyo maana ng'ombe waliojikinga chini ya mti mmoja hufa kwa pamoja. Udongo ndio uliouleta umeme kwa mgonjwa, halafu mnamrudisha humo humo mkiuita dawa.

Na wakati mnachimba, nini kinaendelea? Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kama nne hivi. Hakuna jembe linalomaliza shimo la mtu mzima kwa muda huo. Akiwa bado anapumua, uzito wa udongo unambana kifua, ubaridi wa mvua unazidi kumwingia, na majeraha yake yanapokea vijidudu vya pepopunda. Maziwa nayo, ukimnywesha asiye na fahamu, yataingia mapafuni. Ukimmwagia mwilini, umemlowesha tu na kupoteza dakika.

Yupo atakayeniambia kwamba radi ile ilikuwa ya kutumwa, kwa hiyo asiguswe mpaka mganga afike. Simulizi za radi za Sumbawanga nazijua kama anavyozijua yeye. Ugomvi wa nani kaituma una siku zake. Moyo uliosimama hauna siku, una dakika.

Kinachoua hasa ni hiki. Radi ikipita huweza kuusimamisha moyo, na papo hapo hupooza sehemu ya ubongo inayoamuru mtu apumue. Moyo una kichocheo chake wenyewe, hivyo mara nyingi huanza tena bila msaada. Pumzi huchelewa. Moyo ulioanza upya, ukikosa oksijeni, husimama mara ya pili, na safari hii kuurudisha ni kazi ngumu sana. Kati ya kusimama kule kwa kwanza na kwa pili ndipo unapohitajika wewe uliye karibu, mwenye mikono miwili na pumzi yako. Hospitali iko mbali mno kwa dakika hizo.

Usimwite mtu marehemu kwa kuona mboni zimetanuka, miguu imepoa na kubadilika rangi, au mapigo ya mkononi hayashikiki. Radi huleta dalili hizo hata kwa mtu anayeweza kupona.

Radi pia huangusha wengi kwa mara moja. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa shule moja ya msingi mkoani Geita. Januari 2025 ikaua saba wa sekondari wilayani Bukombe, mkoa huo huo. Mahali kama hapo macho huenda kwa wanaopiga kelele. Nendeni kwanza kwa walionyamaza. Anayelia anapumua, na aliyeuvuka mpigo wa radi akiwa anapumua, kwa kawaida hapotezi maisha hapo hapo. Aliyetulia kimya ndiye asiye na muda.

Ya kufanya ni haya. Ngurumo zikiendelea, mbebe hadi kwenye nyumba imara au gari lililofungwa kama ni karibu. Mwite, mtikise bega. Hajibu, hapumui? Mtu mmoja apige simu ya dharura, wewe anza: mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30, mbane pua, mpulizie kinywani mara mbili hadi kifua kinyanyuke. Kwa radi usiziache pumzi hizi. Mtoto anza naye kwa pumzi. Mkichoka pokezaneni, msiache mpaka apumue au wahudumu wafike. Anayepumua bila fahamu mlaze ubavu. Mfunike, asipoe. Palipoungua, maji safi; dawa ya meno na tope hapana. Miguu iliyokufa ganzi kwa kawaida hurejea baada ya saa chache. Na kila aliyepigwa, hata anayetembea na kusema yuko salama, afike hospitali apimwe moyo, masikio na macho, mjamzito asikose.

Takribani watu 9 kati ya 10 wanaopigwa radi huokoka. Wanaokufa, wengi wao husimama moyo au pumzi pale pale walipoanguka, mbele ya watu wanaoogopa kuwagusa. Walimu, makocha, wachungaji na maimamu, tafuteni mtu wa afya awafundishe kukandamiza kifua na kupulizia pumzi kabla mvua hazijaanza. Majembe yaacheni shambani.